Yogati Ilimwagika Saa Ngapi? Kesi ya Liverpool na Anayeteleza Dukani Kenya

Karibu saa sita mchana, mwezi Juni 1974, mama mmoja aliingia supamaketi ya Tesco iliyokuwa barabara ya Smithdown, mjini Liverpool, akachukua kikapu cha waya na kuanza kununua mahitaji yake. Alipofika upande wa nyuma wa duka alihisi mguu unamponyoka juu ya kitu chenye kunata, akaanguka. Hakukiona kabla ya kukikanyaga. Alipokuwa akijiinua ndipo alipoona kimiminika cha rangi ya waridi, na baadaye mfanyakazi akaokota hapo karibu kopo la yogati lililobaki theluthi moja tu. Walimsaidia kusimama, wakampeleka ofisini kwa meneja, na soksi zake ndefu zilizochafuka zikachukuliwa kwenda kufuliwa. Majeraha yalikuwa madogo.

Ushahidi wake uliishia hapo, ukiacha jambo moja nitakalolieleza mbele kidogo. Hakuwa na shahidi aliyeona yogati ikimwagika. Hakujua ni nani aliyeiangusha, mteja au mfanyakazi, wala kama ilikaa sakafuni dakika mbili au saa mbili. Hata hivyo mahakama ya chini ya Liverpool ilimpa ushindi, na Tesco ilipokata rufaa, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ikampa ushindi tena, majaji wawili dhidi ya mmoja. Hukumu ilichapishwa katika ripoti za sheria za 1976 kwa jina la Ward dhidi ya Tesco Stores. Fidia yenyewe haikufika hata pauni 200.

Wengi wanaoanguka dukani hudhani kuanguka kwenyewe ndiko dai: nimeumia ndani ya jengo lako, basi nilipe. Sheria haisemi hivyo. Mwenye duka hakuwekewa jukumu la kuhakikisha kwamba hakuna mtu atakayeumia kamwe. Anawajibika pale alipofanya uzembe, na kwa kawaida anayedai ndiye anayetakiwa kuuthibitisha uzembe huo. Kitu kilichomwagika sekunde tano kabla hujakikanyaga hakimfanyi mtu mzembe, maana hakuna ambaye angewahi kukifuta. Kilichokaa nusu saa huku wafanyakazi wanapita ni habari nyingine kabisa. Kwa hiyo kesi nzima huning'inia kwenye swali moja: kilikuwa pale kwa muda gani? Na aliyelala sakafuni huku kiuno kinamuuma ndiye mtu asiye na njia yoyote ya kulijibu. Duka lina kamera, lina daftari la usafi, lina zamu za wafanyakazi. Yeye ana maumivu na kikapu kilichopinduka. Naitetea kesi ya Ward kwa moyo wote kwa sababu hiyo: iliiona tofauti hiyo ya nguvu na ikaifanyia kazi.

Duka lilijibu nini, na likakosa nini

Tesco haikuja mahakamani mikono mitupu. Ilieleza kwamba vitu humwagika dukani humo kama mara kumi kwa wiki, kwamba sakafu hufagiwa mara tano au sita kwa siku, kwamba husafishwa kila jioni baada ya kufunga, na kwamba kila mfanyakazi ameagizwa akiona kitu kimemwagika abaki papo hapo na kuita mtu wa kukifuta. Ni utaratibu mzuri. Maduka mengi ninayoingia hayana hata nusu yake.

Lakini ushahidi ule ulihusu siku zote kwa jumla, haukuihusu siku ile. Hakuna aliyesimama kueleza mara ya mwisho sehemu ile ilifagiwa saa ngapi kabla ya mama kuanguka. Jaji Lawton aliona kwamba yogati haina kazi sakafuni. Kuwapo kwake pale, hadi mteja akaikanyaga, si jambo linalotokea kwa kawaida mahali ambapo usafi unashikwa sawasawa. Mizani ya uwezekano ilielemea upande wa kwamba ilikuwa imekaa muda wa kutosha kuonwa na kufutwa. Kuanzia hapo ni juu ya duka kueleza. Jaji Megaw alikubaliana naye.

Hapa pana jambo ambalo hata mawakili hulichanganya. Mzigo wa kuthibitisha kesi haukuhamia kwa Tesco. Mdai ndiye aliyeubeba mwanzo hadi mwisho. Kilichohama ni wajibu wa kutoa maelezo: mdai akishaleta ukweli unaoelekeza kwenye uzembe, asiyejibu anajiachia mwenyewe kushindwa. Mzizi wake ni wa zamani, unarudi hadi kesi ya magati ya London ya 1865, ambamo magunia ya sukari yalimwangukia ofisa wa forodha aliyekuwa akipita mbele ya ghala. Magunia hayaanguki yenyewe pale wanaoyashughulikia wanapokuwa waangalifu.

Jaji Ormrod hakukubali, na hoja yake ni nzito kuliko watu wanavyoidhania. Alisema ajali ile ingeweza kutokea hata duka lingekuwa na utaratibu bora kuliko wote. Mteja mwingine angeweza kuliangusha kopo muda mfupi tu kabla ya mama kufika. Bila ushahidi wa muda, kulitwika duka lawama ni kubahatisha. Nimemsoma mara nyingi na bado naona amekosea, kwa sababu moja: kama anayeumia hawezi kujua muda na anayejua hatakiwi kusema, basi kila duka litakuwa na faida ya kukaa kimya. Hata hivyo mdai yeyote ajiandae kumkuta hakimu anayefikiri kama Ormrod. Ukiingia na ushahidi mwembamba kama wa mama yule, unaweza kuangukia upande wa yule mmoja.

Tena si kila maji ni yogati. Mwaka 2002 Mahakama ileile ya Rufaa ilimnyima fidia mteja aliyevunjika kifundo cha mguu katika duka dogo la vyakula vya kubeba, usiku wa mvua. Mwenye duka alikuwa ameweka vigae visivyoteleza kirahisi na alikuwa na desturi ya kupiga deki mvua inaponyesha. Maji yanayoingia na viatu vya wateja mvua ikinyesha hayazuiliki kabisa, na sheria inadai uangalifu wa kadiri, haidai muujiza. Anayeteleza mlangoni mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, ajue kesi yake ni ngumu kuliko ya yule aliyekanyaga mafuta ya kupikia kati ya rafu.

Kisa hicho kikiletwa Kenya

Hukumu ya Uingereza ya wakati ule haimfungi hakimu wa Kenya, ila humshawishi. Na hushawishi sana hapa, kwa sababu sheria yetu ya wajibu wa mwenye jengo, Sura ya 34, imefinyangwa kwa mfano wa ile ya Uingereza ya 1957. Inamtaka anayelimiliki au kulisimamia jengo achukue uangalifu unaofaa, kwa kuzingatia mazingira yote, ili mgeni awe salama kiasi cha kutosha anapolitumia kwa shughuli iliyomleta. Inamkumbusha ategemee kwamba watoto hawana uangalifu wa watu wazima. Na kibao cha onyo hakimwokoi peke yake: lazima kiwe kimetosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao cha "sakafu imelowa" kilichofichwa nyuma ya rundo la unga wa ngano hakijamwonya mtu.

Sheria yetu ya ushahidi, Sura ya 80, inakwenda sambamba na Ward. Kifungu cha 107 kinamtaka anayedai athibitishe. Kifungu cha 112 kinasema jambo ambalo upande mmoja ndio hasa unaolijua, upande huo ndio unaotakiwa kulithibitisha au kulikanusha. Daftari la kufagia ni jambo la namna hiyo. Wakili wa mdai anayesahau kulitaja ameacha silaha yake nyumbani.

Sasa lile jambo moja nililoliweka kando. Wiki kama tatu baada ya kuanguka, mama yule alirudi katika duka lilelile kununua vitu. Akaona sharubati ya machungwa imemwagika sakafuni. Akasimama akaitazama kwa takriban robo saa. Hakuna aliyekuja kuifuta. Akaenda kulisema hilo mahakamani.

Hakuwa mpelelezi, wala hakuwa na kamera. Alitumia macho yake, akaonyesha kwamba maagizo yale mazuri yaliyoandikwa hayakuwa yakifuatwa kila mara. Napenda sana ushahidi huu kwa sababu unapatikana na mtu yeyote. Leo mwenye simu anaweza kufanya zaidi: picha ya sakafu kabla haijafutwa, picha ya viatu alivyovaa, hasa soli, jina na namba ya aliyekuwa karibu, na risiti ya siku hiyo yenye saa. Viatu visifuliwe wala kutupwa. Picha ya kitu chenyewe husema mengi juu ya muda: yogati iliyoanza kukauka kingo, alama za magurudumu ya toroli zilizopita juu yake, nyayo za watu wengine. Hizo ni saa zisizo na mishale, na hakimu huzisoma.

Kamera za CCTV ndizo zinazoweza kumaliza ubishi wa muda, na ndizo zinazopotea upesi, kwa kuwa mitambo mingi hurekodi juu ya picha za zamani. Barua ya kuomba picha zihifadhiwe iende siku hizohizo za mwanzo, ikitaja tarehe, saa na sehemu ya duka. Picha yako ni taarifa yako binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba kuziona taarifa zako alizonazo mtu mwingine. Duka likizifuta baada ya kupokea barua hiyo, wakili wako ana la kusema mbele ya hakimu.

Vilevile omba tukio liandikwe katika kitabu cha ajali cha duka, upige picha ukurasa wenyewe. Soksi za mama wa Liverpool zilifuliwa kwa gharama ya duka, na kwetu meneja mwungwana huweza kukuitia teksi na kulipa bili ya kwanza ya hospitali. Upokee wema huo kwa shukrani, lakini usiuhesabu kuwa ni kukiri kosa. Mahakamani utasaidia kuthibitisha kwamba uliangukia pale, siku ile. Uzembe bado utabishaniwa.

Kuna kitu ambacho hakikubishaniwa Liverpool na ambacho hapa hubishaniwa karibu kila mara: kwamba mdai mwenyewe hakutazama anakokanyaga. Hakuna aliyemlaumu mama yule kwa kutotazama sakafu. Duka hupanga bidhaa kwenye rafu ili macho ya mteja yaende kwenye rafu. Lakini kama ulikuwa unaandika ujumbe kwenye simu, au ulikuwa unakimbia, mahakama yetu inaweza kukupa sehemu ya lawama na kukata fidia kwa kadiri hiyo. Mwambie wakili wako ukweli huo tangu mwanzo, maana akiusikia mara ya kwanza ukihojiwa na wakili wa upande wa pili, umechelewa.

Nani ashitakiwe, na kwa fedha gani

Ndani ya jengo la maduka makubwa, sakafu ya ukumbi inaweza kuwa ya mwenye jengo, sakafu ya kati ya rafu ikawa ya supamaketi, na deki ikapigwa na kampuni ya usafi. Anayewajibika ni yule mwenye mamlaka juu ya sehemu uliyoangukia, na wanaweza kuwa zaidi ya mmoja. Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, lilisema hivyo mwaka 1966 katika kesi ya Wheat dhidi ya Lacon. Duka linalojitetea kwamba kazi ilikabidhiwa kampuni ya nje huulizwa iliichagua vipi na iliikagua lini. Halafu hakikisha jina. Jina la kwenye bango mara nyingi si jina la kampuni iliyosajiliwa. Wakili hutafuta CR12, yaani hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha jina lililosajiliwa na wenye kampuni, na dai linaloandikwa kwa jina lisilo na mwenyewe hupoteza miezi.

Kama uliyeteleza ni mfanyakazi uliyekuwa kazini, acha njia hii. Madai ya wafanyakazi yanafuata Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007: unamwarifu mwajiri, na jambo linakwenda kwa Mkurugenzi wa usalama na afya kazini, si mahakamani kwanza.

Fidia hugawanyika. Fidia maalumu ni fedha zilizokutoka kweli: hospitali, dawa, picha za eksirei, usafiri, mshahara uliokatwa. Mahakama za Kenya zimeshikilia tangu kesi ya Hahn dhidi ya Singh ya 1985 kwamba fedha hizo lazima zitajwe moja moja kwenye hati ya madai na zithibitishwe kwa ukamilifu. Risiti ya shilingi 300 ya bodaboda usiyokuwa nayo haipo. Fidia ya jumla ni ya maumivu na ya yale usiyoweza tena kuyafanya, na hakimu huipima kwa kulinganisha na kesi za majeraha yanayofanana. Hapo ripoti ya daktari ndiyo hubeba kila kitu. Aende aliyeumia siku hiyohiyo, hata kama anadhani ni mchubuko, na amweleze daktari alivyoanguka, kwa sababu maelezo hayo huandikwa kwenye faili na faili huletwa mahakamani. Pengo la siku kumi kati ya kuanguka na kutibiwa hujazwa na wakili wa bima kwa hadithi yake mwenyewe.

Dai la kadiri ya lile la Liverpool lisikufilisi kwa gharama. Mahakama ya Madai Madogo, chini ya sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na fidia ya majeraha ya mwili imetajwa katika orodha ya mamlaka yake. Unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Kwa mfupa uliovunjika vibaya, upasuaji au ulemavu wa kudumu, nenda mahakama ya hakimu ukiwa na wakili.

Kuhusu wakili nitasema kwa ukali kidogo. Hospitalini hupita madalali wanaowatafutia mawakili wateja, nao huahidi kwamba hutalipa kitu hadi ushinde, kisha mtagawana. Huko Marekani mapatano ya namna hiyo ni ya kawaida. Kenya, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayabatilisha mapatano ya wakili kulipwa ushindi ukipatikana tu, na kutafuta wateja kwa madalali ni kosa. Anayeanza kazi yako kwa kuvunja sheria ya taaluma yake hatailinda fidia yako itakapoingia kwenye akaunti yake. Angalia katika orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya kama ana cheti cha mwaka huu, mwombe aandike ada yake, na akwambie wazi kwamba kwa kawaida anayeshindwa ndiye hubeba gharama za mwenzake. Asiye na uwezo aende Kituo cha Sheria, kinachowahudumia wanyonge tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016.

Msomaji wa Tanzania hana sheria maalumu ya wajibu wa mwenye jengo kama Sura yetu ya 34. Ile ya Uingereza ya 1957 haimhusu, kwa kuwa mpaka wa sheria za Kiingereza zilizopokewa kule ni tarehe 22 Julai 1920. Mahakama zake hutumia kanuni za uzembe za sheria ya mazoea, yaani ile iliyojengwa na hukumu za majaji, na hoja iliyombeba mama wa Liverpool imo ndani ya kanuni hizohizo. Ukomo wa dai ni miaka 3 kwa Sura ya 89, na msaada wa kisheria unasimamiwa na sheria ya 2017.

Kenya pia ukomo ni miaka 3 tangu siku ya kuumia, chini ya Sura ya 22. Ukiangukia ofisi ya serikali, ni miezi 12 tu. Madai mengi hufia hapo. Barua ya madai hupelekwa, kampuni ya bima hujibu kwa adabu kwamba inachunguza, ripoti ya pili ya daktari huombwa, na mwaka unapita. Kisha huja hundi na karatasi ya kutia sahihi. Sahihi hiyo hufunga dai lote, hata kama goti litahitaji upasuaji miezi sita baadaye, kwa hiyo isiwekwe kabla daktari hajasema jeraha limetulia na hali iliyobaki ndiyo itakayodumu. Na mazungumzo na bima hayasimamishi hesabu ya miaka. Ukiingia mwaka wa tatu na bado mnaandikiana, hati ya madai isajiliwe mahakamani, mazungumzo yaendelee kesi ikiwa na namba.